Historia ya Dada Yetu, Aliyekivisha Chuma Gamba la Kioo

Ndugu waombolezaji, majirani, na wote mliofanya kazi na marehemu, mimi ni mdogo wake wa tumbo moja, na familia imenituma niwasomee maisha ya dada yetu kwa kifupi, ingawa yeye mwenyewe hakuwahi kufanya jambo lolote kwa kifupi.

Marehemu alizaliwa nyumbani Jumanne, tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa kwanza kati ya watano wa fundi saa na mkunga, akasoma shule ya msingi kuanzia 1968 hadi 1974, kisha sekondari ya wasichana hadi 1980, ambako aliunguza pazia la maabara na kuadhibiwa kushona jipya, halafu chuo kikuu, alikohitimu shahada ya kemia mwaka 1985. Tarehe 2 Septemba mwaka huohuo aliajiriwa maabara ya kupima maji, na mwaka 1998 akahamia taasisi ya utafiti, chumba cha mwisho ghorofa ya pili, kilichokuwa na dirisha lisilofunga vizuri.

Alifunga ndoa Jumamosi, tarehe 19 Desemba 1987, na shemeji yetu, fundi cherehani, anayeapa mpaka leo kwamba chai ilimchelewea miaka yote kwa sababu mkewe alimimina maziwa tone kwa tone kama yuko kazini, na ndiyo maana sote tulimwita Bi Tone. Walijaliwa watoto wawili, binti mwaka 1989 na mvulana mwaka 1993.

Kwa wale aliowajibu kwamba kazi yake ni kukivisha chuma koti, hakuwa anatania. Alitengeneza chembe za chuma zisizoonekana kwa macho, akazikusanya chembe hizo, alizoziita viini, kadhaa pamoja kama mbegu ndani ya pera, kisha akavifunika kwa gamba jembamba la kioo, ili siku moja chembe hizo zidungwe kwenye mshipa wa mgonjwa, zionekane kwenye picha za hospitali na kuonyesha uvimbe ulipojificha, bila chuma kuvuja mwilini.

Mwaka 2006 alichapisha ripoti kwamba gamba lake halivuji, akapongezwa, akapandishwa cheo, na sisi nyumbani tukatembea vifua mbele. Lakini alikuwa na desturi ya kuacha chembe zake kwenye vichupa vichache vya asidi hafifu muda mrefu baada ya wengine kuridhika, na asubuhi ya tarehe 11 Juni 2007 alikuta maji ya kichupa kimoja yamegeuka manjano, maana yake chuma kilikuwa kinatoka. Alipekua madaftari yake, akaona kwamba kwa haraka ya kuwahi mkutano aliosha viini mara tatu badala ya tano, mabaki ya sabuni aliyotumia kuvitengeneza yakabaki juu yake, na kioo hakikushika vizuri.

Siku hiyo alinipigia simu mimi kwanza, nami nikamwambia akimwage kile kichupa na afunge mdomo, kwa kuwa hakuna mgonjwa aliyekuwa amedungwa na hakuna mtu aliyejua. Akanijibu kwamba yeye anajua, kisha akaandika barua ya kuifuta ripoti yake. Alivuliwa cheo, akapewa kazi ya kutunza stoo ya vyombo, nami kwa hasira na aibu sikuongea naye miaka minne.

Mwaka 2009 alirudishwa chumbani kwake, akaanza upya, na ripoti ya pili ilitoka mwaka 2014, baada ya chembe kukaa kwenye vichupa vya asidi miaka mitatu mizima bila maji kubadilika rangi. Alistaafu mwaka 2021.

Agosti 2023 alianza kusumbuliwa na moyo, akalazwa mara mbili, na akatuacha Jumanne, tarehe 6 Februari 2024, saa nne asubuhi, mumewe akiwa amemshika mkono. Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa upole, majirani waliopokezana kulala wodini, na wafanyakazi wenzake, hasa waliomsalimia alipokuwa stoo.

Jambo la mwisho halimo kwenye karatasi hii. Historia niliyoiandika juzi iliruka kutoka 2006 hadi 2014, nikisema moyoni kwamba namsitiri marehemu. Binti yake aliisoma jana jioni, akaniambia, kwa heshima zote, kwamba mjomba umemwondoa mama. Ni kweli, na usiku nikaiandika upya. Nilikuwa najisitiri mimi, na miaka yote tuliyopatana sikuwahi kumwambia kwamba yeye ndiye aliyekuwa sahihi. Namwambia leo mbele yenu, nimechelewa.

Nisamehe, dada yangu. Pumzika kwa amani.