Mama Lebo na Kopo Nyuma ya Magunia

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka mkaguzi wa mashamba ya kilimo hai, mama aliyetutoka wiki iliyopita akiwa na miaka sitini na nane. Sokoni walimwita Mama Lebo, na jina hilo alilitolea jasho.

Alianzia kiwandani, akibandika lebo kwenye chupa za jamu. Siku moja mteja alisimama getini, chupa mkononi. "Mmeandika kilimo hai. Maana yake nini?" Mlinzi akamtazama msimamizi. Msimamizi akamtazama yeye. Hakuna aliyejua. "Nilikuwa nimebandika maelfu," alimsimulia binti yake baadaye, "na sijui ninachosema." Akaenda kusoma.

Akawa mkaguzi. Miaka kumi na tisa, wasikilizaji, mkaguzi. Alipekua stoo, alinusa ndoo, alifukua udongo kwa vidole. Na akisimamishwa sokoni, alieleza bila kuchoka. Neno "asilia" kwenye pakiti mara nyingi ni pambo tu. "Kilimo hai" yenye nembo ya wakaguzi ni habari ya shamba: halikutiwa mbolea za viwandani, halikupuliziwa dawa zisizoruhusiwa, na kuna mtu aliyekwenda kuangalia. Si kwamba kabichi hiyo itakuponya. Si kwamba haioshwi. "Lebo inakwambia shamba lilivyotunzwa," alisema. "Haikwambii kwamba jirani yako anakula sumu."

Sasa, mdogo wake wa mwisho alikuwa mkulima wa kabichi, na alikuwa na nembo hiyo. Shamba lake lilikaguliwa na mtu mwingine, maana ndugu hamkagui ndugu. Jumapili moja dada mtu alikwenda kula chakula cha mchana. Akaingia stoo kuchukua kiti. Nyuma ya magunia ya samadi akaona kopo la dawa ya wadudu, limebaki nusu.

"Ni mara moja tu, dada," mdogo wake alisema. "Vidukari walikuwa wanamaliza shamba. Ungefanya nini?"

"Ningelia. Halafu ningetoa taarifa."

"Kwani umekuja kama dada au kama mkaguzi?"

"Nilikuja kama dada. Nakupa mpaka Jumatano uwaambie wakaguzi wako mwenyewe."

Jumatano ikapita kimya. Alhamisi asubuhi dada akawaandikia wakaguzi barua. Binti yake anakumbuka: "Siku hiyo mama hakutia kitu mdomoni."

Ndugu yake akanyang'anywa nembo. Kuirudisha kulitaka miaka mitatu bila dawa, aanze upya. Hoteli iliyokuwa ikinunua kabichi zake ikamwacha, naye akaacha kilimo hai kabisa. Akamnunia dada yake miaka minne. Miaka minne, wasikilizaji. Kwenye harusi za familia alikaa akimpa mgongo. Dada alipiga simu kila Jumapili. Iliita mpaka ikakata.

Kisha figo zikamlaza dada hospitali. Mchana mmoja ndugu yake akaingia wodini na bakuli la kabichi aliyoipika mwenyewe.

"Hii haina nembo, dada," alisema kabla hata ya salamu. "Nimepulizia mara mbili. Ya mwisho ni wiki tano zilizopita. Siku hizi ndivyo ninavyowaambia wateja. Anayetaka anachukua, asiyetaka anakwenda kwa mwingine."

Dada akajiinua kitandani, akapokea bakuli. "Umeiosha?"

"Nimeiosha."

"Basi nipe kijiko."

Ndugu yake alituambia hivi: "Alikula akamaliza. Watu wanasema nilimsamehe dada. Hapana. Mwenye kosa nilikuwa mimi, na msamaha nilimwomba palepale, bakuli likiwa mapajani mwake." Walipata miezi saba ya kuzungumza. Walizungumza kila siku.

Kwa binti yake, kwa ndugu yake, na kwa wakaguzi wenzake wote, poleni sana. Mungu awatie nguvu. Nasi tuliobaki, wasikilizaji wapendwa, tukishika pakiti dukani tusome kilichoandikwa, na tuulize kisichoandikwa. Na siku tukiulizwa sisi, tujibu ukweli, hata kama anayeuliza amekuja kula tu.