Alima Mahamudu, Aliyekataa Santuri Zinyamaze

Jumatatu hii, tarehe 31 Machi 1997, Mama Alima Mahamudu anafunga miaka ishirini na tisa ya kazi katika Nyumba ya Santuri ya Numbi, maktaba ya kusikilizia muziki hapa Lubumbashi. Aliingia mwaka 1968 kama mpiga taipu. Anatoka akiwa mkuu wa santuri na, kwa wengi wetu, mwalimu wa masikio.

Baba yake alikuwa fundi cherehani kutoka Maniema, na nyumbani kwao muziki wa Haydn na watunzi wengine wa kale wa Ulaya haukuwahi kusikika. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuandika kadi: mtunzi, wapigaji, mwaka. Kuandika majina ya vitu asivyovijua kulimuudhi, akaomba asikilize kila santuri kabla ya kuiandikia kadi. Ilimchukua miaka mitatu. Humo aligundua kwamba utunzi mmoja, ukipigwa na vikundi viwili, si utunzi mmoja tena. Tangu hapo, kila Jumapili saa nne asubuhi, aliwawekea wasikilizaji kipande kilekile mara mbili, kisha akauliza ni kikundi gani kimemwelewa mtunzi. Asiyejibu hakupewa chai.

Oktoba 1991 mji uliporwa. Wanajeshi watatu waliingia kwetu mchana. Sisi tulikuwa tumekimbia; yeye alisimama mbele ya makabati yaliyojaa maboksi ya santuri.

"Mama, iko nini mu hizi carton?" mkubwa wao aliuliza.

"Iko miziki. Ikala, usikie."

Akamwonyesha kiti, akaweka santuri ya fidla nne. Yule askari alisikiliza dakika mbili, akakunja uso. "Hii haichezeshe muntu!" Wakabeba mashine zote mbili za kupigia santuri, spika na viti, wakaziacha santuri.

Jioni ile alilia, na hajawahi kutuficha hilo. Kesho yake saa moja na nusu asubuhi alikuwa kazini, akipangusa santuri zisizo na cha kuzipigia.

Wakubwa wetu waliamua Nyumba ifungwe. Mama Alima alikataa. Alizunguka mji kwa miguu wiki sita akitafuta mashine, hata akampata Mama Kyakimwa wa mtaa wa Kampemba, mwuza maharagwe wa jumla kutoka Kivu ya Kaskazini. Huyu alikuwa na mashine ya marehemu mume wake, ila hakutaka itoke mlangoni.

"Kama haitoke, siye njo tutakuja," Mama Alima alimjibu.

Basi kwa miaka miwili Jumapili zetu zilifanyika katika depo yake, ghala la biashara, tumekaa juu ya magunia ya maharagwe, malori yakipiga honi katikati ya sehemu za polepole. Sindano ya mashine ilikuwa moja tu, kwa hiyo hakuna kipande kilichopigwa ovyo. Siku moja alikuja Bwana Mumba, mchimba madini wa Kambove aliyekuwa amepoteza kazi, akiwa amepanda lori la makaa. Alisikiliza mara zote mbili, akasimama.

"Ile ya mbele inakimbia, sababu inaogopa bantu batachoka. Ya pili haiogope."

Mama Alima akakiri mbele ya watu wote kwamba kwa miaka ishirini yeye aliipenda ile ya kwanza, na kwamba alikosea. Kadi, alikokuwa ameandika maoni yake, aliisahihisha siku ileile. Wengi wetu tulijifunza kazi hii pale.

Mwaka 1994 mashine mpya ilishuka uwanja wa ndege wa Luano, zawadi ya msikilizaji mmoja wa zamani, nasi tukarudi kwenye Nyumba yetu. Santuri hazijapungua hata moja. Kadi zake anamwachia Dada Dorcelle Mulenga, mwanafunzi wake aliyemfundisha mwenyewe kwa ukali wote.

Sasa vita vinakaribia mji, na tulimshauri sherehe hii iahirishwe. Alijibu: "Balabala ikifungwa, tutafanyia mu nyumba." Kwa hiyo tumekusanyika.

Asante, Mama Alima, kwa kazi na kwa ukaidi wako. Tunakutakia maisha marefu na mema, masikio mazima, na mji utakaotulia upate kukusikiliza.