Bomba la Moshi la Katekista

Katekista Dismas alipanda behewa la daraja la tatu pale Thika akiwa amekumbatia bomba la moshi la pikipiki yake, limetoboka kama chujio. Mama mmoja wa Kikamba, kiondo mapajani, akasogea kumpa nafasi. Bomba likaingia chini ya benchi.

"Jipya ni shilingi themanini," katekista akalalamika, kana kwamba sisi ndio tuliolitoboa. "Kuna fundi Ruiru atalifunika na kipande cha debe. Pikipiki inanguruma mpaka masikio yananiuma."

"Usitengeneze, mwalimu," mama akasema haraka. "Kule Gatuanyaga tunaipenda hiyo sauti. Tukikusikia bado uko mbali, tunajitayarisha."

"Hiyo ni kweli," katekista akakubali, uso umemng'aa. "Tangu litoboke sijakuta mlevi hata mmoja. Kila nyumba nakuta wanaimba zaburi."

"Si unaona? Mungu ndiye aliyelitoboa."

"Mungu hatoboi bomba, mama. Ni kutu."

Kiondo kikafunuka kidogo, nikaona miatine, yale matunda ya kuchachushia pombe. Mama akayafunika polepole, kama mtu anayemfunika mtoto.

Wakabishana mpaka Ruiru. Gari liliposimama, mama alishuka wa kwanza, ncha ya chuma chenye kutu ikichungulia kwenye kiondo. Katekista alikuwa ameinama, anapapasa chini ya benchi.

"Ndugu, umeliona bomba langu?"

Mimi pia nakaa Gatuanyaga, na Jumamosi, siku yetu ya pombe, haikuwa mbali. Nikamwambia tusali kwanza.