Sindano Haisogei

Benchi letu liko konani, kati ya duka langu la kunyolea na kibanda cha Cherehani, fundi wa nguo, na limekaliwa miaka mingi hata ubao wake umeshika umbo la makalio yetu. Dada huweka jiko lake la mkaa mwisho wa benchi, birika juu, vikombe vidogo kwenye sinia, na kuanzia saa nane mchana utasikia hapa habari zote za kisiwa, za kweli na za kupikwa. Siku hiyo nilikuwa nimefunga duka tangu asubuhi, maana huwezi kumwekea mtu wembe shingoni wakati sakafu inacheza. Mlima ulikuwa unatetemeka siku ya tatu mfululizo. Sasa ilikuwa saa kumi na robo, na Mpimaji, ambaye kila siku hushuka saa tisa kamili kutoka kibanda chake cha vyombo vya kupimia mitetemeko kule begani mwa mlima, alikuwa hajashuka. Kikombe chake Dada alikuwa ameshakijaza na kukifunika kwa kisosi, akakiweka kando, nje ya sinia.

Dada ni dada wa Mpimaji, wa tumbo moja, ndiye aliyemlea. Sisi wengine tunamwita Dada kwa kuambukizwa tu.

Na mimi nilikuwa na neno rohoni. Jana yake, nikimpunguza Mpimaji ndevu, alinishika mkono wenye mkasi akaniambia polepole: "Kinyozi, kesho nisiposhuka saa tisa, usinisubiri. Mchukue Dada mwende bandarini. Meli nitaiita, itakuwepo. Usimwambie kwamba nakuja nyuma, ukimwambia hivyo hataondoka." Nikajibu sawa. Saa tisa ikafika, ikapita, na mimi nimekaa kama mtu aliyekwamwa na mwiba wa samaki. Kulitamka neno lile ni kumwambia Dada kwamba mdogo wake huenda ndiyo basi tena. Nilikuwa naogopa, sioni haya kusema. Ila sijui nilimwogopa nani zaidi, mlima au Dada.

Cherehani ndiye aliyeanza. Mwembamba yule, tepu ya kupimia haimtoki shingoni hata msibani.

— Jamani, mbona mmenuna? Mlima huu ni mshono wa zamani. Mpimaji mwenyewe alinieleza kwenye mashine yangu. Huko chini kabisa kuna moto, umesimama mahali pamoja. Huo ndio sindano. Sindano haisogei! Kinachosogea ni kitambaa, yaani ardhi ya chini ya bahari. Sindano ikitoboa, kisiwa hicho. Kitambaa kikisogea, inatoboa pengine, kisiwa kingine.

— Hilo umetuambia mara mia, — Bomba akasema. Bomba ni fundi wa mabomba, mkubwa wa mwili na mdogo wa subira.

— Basi nakwambia ya mia na moja. Tazameni nyuma yetu kule baharini. Kisiwa cha kwanza kina vilima viwili vilivyochakaa. Cha pili tambarare. Cha tatu siku hizi ni mwamba tu, unauona maji yakikupwa. Vyote vimejipanga mstari mmoja kama pindo la suruali. Na vyote vilikuwa milima! Sindano ikaviacha, vikapoa, mawimbi yakavila, vikazama. Bandu bandu huisha gogo. Na sisi tunaondoka kwenye sindano, kila mwaka kidole kimoja.

Akakinyoosha kidole chenyewe tukione.

— Kidole kimoja hakivunji chawa, — Bomba akamjibu, — ndiyo kitatutoa kwenye mlima?

Tukacheka, kicheko kifupi. Mimi nilikuwa nimewahi kumuuliza Mpimaji itachukua muda gani mpaka tuuache huo moto. Akasema laki kadhaa za miaka, hivi. Siku ile nililiona hilo ni jambo la mzaha.

— Wala si sindano, — Bomba akaendelea. — Ni bomba. Limenyooka kutoka chini, moto unapanda ndani yake. Likiziba juu, presha inarudi. Kutetemeka huku ni presha. Leo nimeitwa nyumba saba, zote kilio kimoja: maji ya mferejini yanatoka ya vuguvugu na hakuna aliyewasha hita. Nyumba ya kwanza nilifungua kila kitu kutafuta kosa. Ya saba sikufungua hata mfuko wa vifaa.

Hapo nikaona hakupenda mwenyewe alikofika. Akakohoa.

— Lakini presha ina akili. Itatafuta penye wepesi. Itapasukia baharini, nyuma ya mlima, tupate kisiwa kipya. Sisi tutakaa hapa na kahawa zetu tukimwangalia jirani anazaliwa.

— Na ule ufa wa njia ya mlimani? — nikauliza. — Mpimaji anasema juzi uliingia kidole, jana ukaingia mguu.

— Usipoziba ufa utajenga ukuta. Nipeni saruji mifuko kumi, nauziba leo leo.

Vikombe vikaanza kulia kwenye sinia. Hakuna aliyevigusa. Kahawa yangu ikajichora duara ndani ya duara, na benchi likatupapasa kwa chini kama mnyama anayeamka. Sote tukakodoa macho kwenye jiko, si kwingineko. Dada peke yake ndiye aliyeutazama mlima, midomo ikimcheza. Ulipotulia akasema:

— Kumi na moja. Asubuhi nilihesabu sita.

Mdogo wake ndiye aliyemfundisha kuhesabu vile, sekunde za kila tetemeko. Akatoa simu, akapiga, akaiweka sikioni. Tukasikia hata sisi: haipatikani. Akairudisha kifuani, akafuta kisosi cha kikombe kwa ncha ya nguo yake, maana kilikuwa kimeanza kushika vumbi la kijivu, laini kama unga.

— Dada, — nikasema.

— Nini?

Neno likaja mpaka kwenye meno.

— Kahawa ya leo tamu.

Akanitazama kidogo zaidi ya ilivyohitajika. Nilitamani ardhi inimeze, kisha nikaogopa hata kulitamani hilo, maana siku ile ardhi ilionekana ina njaa.

Redio akatuokoa. Huyu hutengeneza redio na pasi, na jina alilipata kwa sababu yeye hazimiki, hata betri zikiisha.

— Mnaogopa bure! Moto wa wapi uliowahi kuishinda bahari? Tumezungukwa na maji pande zote. Ukitoka tu, chwaa! umezimika. Moto huzaa majivu, wahenga hawakukosea. Hayo majivu mnayoyaona ndiyo dalili, tayari umezimika.

— Umewahi kumwaga maji kwenye jiko lililokolea? — Bomba akauliza.

— Nimemwaga.

— Likafanyaje?

— Lilizimika.

— Na uso wako?

Redio akajishika nyusi bila kujua. Kipande kimoja hakikuota tena tangu siku hiyo.

Watu walikuwa wanapita. Tangu saa tisa walikuwa wanapita, wakiteremka na mabegi, wengine na magodoro kichwani, mwanamke mmoja na cherehani ya mkono imefungwa ndani ya shuka. Hawakusimama kutusalimu. Redio alisema wanaenda harusini. Hakuna aliyembishia, na hilo peke yake lilitosha kunitia baridi, kwa sababu kwenye benchi hili mtu akisema leo ni leo atabishiwa.

Honi ya meli ikalia kutoka bandarini.

— Leo si siku ya meli, — Dada akasema.

Bomba akapata kikohozi. Cherehani akavua tepu yake shingoni, akaanza kuikunja, akaikunjua, akaikunja tena. Mimi nikajifanya naona kitu ndani ya kikombe. Redio akawahi:

— Imeleta mzigo tu! Sikilizeni, nina dawa. Kisiwa ni kama mtumbwi. Kikielemewa huku kinainama huku. Watu wote tuhamie mashariki, na ng'ombe, na yale maghorofa tuyabomoe tupeleke matofali. Kisiwa kitainama, moto utamwagikia magharibi.

— Magharibi kuna shemeji zangu, — Bomba akasema.

— Ndiyo maana nimesema magharibi.

— Acheni ujinga, — Cherehani akaingilia, naye macho yamemtoka. — Fundi hakisukumi kitambaa, anakivuta. Tuite meli zote za dunia, zifunge minyororo kwenye miamba ya pwani, zivute kwa pamoja! Kidole kwa mwaka? Tutakwenda mkono mzima kwa siku! Sindano itabaki nyuma inatoboa maji matupu. Haraka haraka haina baraka, ndivyo walivyosema.

— Sasa si ndiyo wanakataza? — Bomba akauliza.

— Wanakataza kwa wasio na meli.

Ndivyo tulivyokuwa tukiongea. Nimeyaandika kama yalivyokuwa, hata kama yananitia aibu. Kila mmoja alikuwa anapandisha sauti kidogo kuliko mwenzake, na kila kikipatikana kimya sote tulikikimbia. Harufu ilikuwa imeingia mtaani, ya kiberiti kilichowashwa sasa hivi, na mbwa wa mwenye duka la pembeni, asiyewahi kuondoka mlangoni pale, hayupo. Mlima wenyewe hatukuuona tena. Palikuwa na kitu cha kijivu tu mahali ulipokuwa.

Redio akainua kikombe atiliwe. Dada akainamisha birika. Likatoa matone matatu, likakoma.

— Imekwisha, — akasema.

Kikombe kimoja tu kilikuwa na kahawa, na hakuna aliyethubutu kukitupia jicho.

Ndipo akaja mwanamke tusiyemjua. Alikuwa anapanda wakati kila mtu anateremka, kwa hiyo tulimwona tangu mbali. Kijana, amevaa kizibao cha rangi ya chungwa, majivu nyweleni, karatasi mkononi, anahema.

— Habari za hapa. Samahani, ndipo kwa Dada wa kahawa?

— Ndipo hapa, — Redio akampokea. — Mgeni njoo, mwenyeji apone!

Hakucheka.

— Mimi ni karani wa meli. Mpimaji alitupigia simu alfajiri, akatuita. Tumefunga gati tangu saa tisa. Mitaa yote imeshapanda, imebaki kona hii. Nahodha anang'oa nanga saa kumi na moja, na mimi nimeomba nije mbio niangalie. Mpimaji alisema tusiwe na shaka, watu wa kona hii watashuka wenyewe, kuna mtu ameachiwa ujumbe.

Akatutazama mmoja mmoja.

— Ni nani aliyeachiwa?

Nikainamisha kichwa nikatazama viatu vyangu. Nilisema moyoni, sasa nitasema, nikihesabu tatu nitasema. Nikahesabu tatu. Nikainua macho, nikamwona Cherehani anatazama viatu vyake. Bomba anatazama vyake. Na Redio, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, amezima.

Hapo nikaelewa. Mpimaji alikuwa amemwambia Cherehani alipokwenda kuchukua suruali, amemwambia Bomba, amemwambia Redio, na kila mmoja kwa sauti ileile ya chini, kila mmoja akajiona yeye ndiye pekee. Alitupima kama anavyoupima mlima wake, akaona hakuna anayetosha peke yake. Kidole kimoja hakivunji chawa. Akaacha vinne, na vyote vinne vilikuwa vimekunjwa.

— Kinyozi, — Dada akaniita.

— Naam, Dada.

— Alisema saa ngapi?

— Saa tisa.

Akatazama saa ya ukutani mwa duka langu, kupitia kioo. Ilikuwa saa kumi na dakika thelathini na tano.

— Mlikuwa mnauogopa mlima, au mnaniogopa mimi?

Nikajibu mimi, kwa kuwa nilikuwa nimeshachelewa kwa kila kitu kingine.

— Wewe, Dada.

Hakunitukana. Ningefurahi angenitukana. Aliinama akachukua ndoo ya kuoshea vikombe, akaimimina yote kwenye jiko. Likapiga kelele, mvuke ukaruka ukatufunika nyuso, na sisi wanaume wanne tukarukia nyuma na kuangusha sinia. Karani alishika kifua. Dada tu hakusogea.

Akafuta majivu kwenye kisosi kwa mara nyingine, akakiinua kikombe cha mdogo wake kwa mikono miwili, akakiweka katikati ya benchi, pale anapokaa siku zote.

— Akishuka atakuwa na kiu, — akasema. — Alikuwa hivyo tangu mdogo, akitoka kucheza haongei mpaka anywe.

Kisha akatugeukia.

— Haya, inukeni. Au mnangoja nani awaambie tena?

Tukateremka. Dada mbele na karani, sisi nyuma, na hakuna aliyekuwa na nadharia. Ardhi ilianza tena kabla hatujafika mwisho wa mtaa, na nikajikuta nahesabu. Nilipofika kumi na tisa nikageuka kuangalia benchi. Kwa majivu sikuliona, ila kisosi nilikisikia, kinagonga juu ya kikombe, kinagonga, wala hakikunyamaza.