Kura Mbili za Nyumba ya Melk

Jumatatu, siku moja baada ya kura ya maoni, benchi la mbele ya duka langu hapa Oberschwand lilijaa mapema. Alikuwepo Balz, tarishi mstaafu tunayemwita Stempu. Alikuwepo Vreni, aliyekuwa mpishi wa shule mpaka shule ikakosa watoto. Yeye tunamwita Waziri. Na Melk, mjane tangu mkewe Agnes afariki Februari, ambaye hana jina la utani kwa kuwa haongei sana. Kijiji kilikuwa kimeulizwa jambo moja tu: tuunganishwe na mji wa bondeni, ndiyo au hapana? Ndiyo sitini na mbili, hapana sitini na moja; zingelingana, jibu lingekuwa hapana. Nikawamiminia kahawa.

Stempu alianza kwa kusema kura zimeibwa. Vreni akamkumbusha kwamba yeye mwenyewe alikuwa mezani akihesabu. Basi ni mvua, akasema Stempu, imewafungia wazee ndani. Vreni akamuuliza tangu lini kura zinazotumwa kwa bahasha za posta zinaogopa mvua.

— Halafu ona, Stempu. Halmashauri ya kijiji ilitaka ndiyo, imeshinda, na kwa ushindi huo imejifuta. Mwakani haipo.

— Na ingeshindwa?

— Leo saa mbili ingefungua ofisi kama kawaida. Kwetu serikali ikikataliwa haifungashi virago. Inameza, inatekeleza tulichosema.

Saskia, Mholanzi aliyehamia kwetu masika haya, alikuwa amefuata mkate, akasimama kusikiliza. Akasema kuna nchi ambako mkubwa akishindwa kura kama hiyo hujiuzulu jioni ileile.

— Ndiyo maana huko watu humkomoa mkubwa, swali wakaliacha, Vreni akamjibu.

Saskia akacheka kidogo. Kisha akashangaa: kura moja tu? Stempu akaapa alipiga hapana. Vreni hapana. Mimi pia.

— Na wewe, Melk?

Melk alikitazama kikombe chake.

— Sikupiga.

Stempu alifumbua mdomo, Vreni akamshika mkono.

— Miaka arobaini na mitatu, Melk akasema, Agnes akipiga ndiyo, mimi hapana. Jambo lolote lile. Tunabishana wiki nzima, halafu tunashuka pamoja kutia bahasha, kila mmoja akijua kamfuta mwenzake. Safari hii imekuja bahasha moja. Nikakaa nayo mezani. Nimpinge nani?

Basi la bondeni lilifika, halikushusha mtu, likageuza.

— Angekuwepo tungefutana, akaendelea. Matokeo yangekuwa yaleyale. Sivyo, Stempu?

— Yaleyale kabisa, Melk.

— Lakini hakuwepo.

Alivaa kofia akapanda kwenda kwake, polepole. Vreni alimwangalia mpaka kona ya kanisa, kisha akainuka kumfuata, bila kutuambia anakwenda kumwambia nini.