Dada Umekisoma Anastaafu, na Kitabu Chake Hakijasemwa

Baada ya miaka ishirini na sita ya kuandika ukurasa wa vitabu katika gazeti letu, mhariri tunayemwita Dada Umekisoma anastaafu rasmi leo, tarehe thelathini Juni. Nimeombwa niseme machache kwa kuwa namfahamu tangu siku yake ya kwanza, na kwa kuwa mimi mpika chai ndiye pekee ambaye ofisi imesahau kumstaafisha. Shule sikwenda, nimesema mimi, karani wa mapokezi ameandika. Palipo na ukali msimlaumu yeye.

Jina hilo alijipa mwenyewe bila kujua. Wengine wakikutana kwenye ngazi huulizana habari za nyumbani. Yeye huuliza, "Umekisoma?" Mlinzi aliulizwa. Fundi umeme aliulizwa akiwa juu ya ngazi, waya mkononi. Mkwe wangu alikuja kuniletea dawa, akaondoka na riwaya kwapani. Na kitabu chenyewe, mara nyingi, kilikuwa cha rafiki yake.

Hapo ndipo maneno yalipoanzia. Kwamba anawapigia debe marafiki. Mkubwa mmoja, ameshahama, alisema mkutanoni kuwa ukurasa wa vitabu umegeuka kikao cha ukoo. Nilikuwa nagawa vikombe, nikameza maneno. Leo simezi.

Ndiyo, aliwapigia debe. Ila wasemaji hawakuyaona ya jikoni. Rafiki akileta mswada, aliingizwa jikoni kwangu, mlango ukafungwa, akakalishwa kwenye benchi karibu na sinki, akaambiwa na dada makosa yake yote usoni. Huyu mama wa sura ya tatu amekufa kwa ugonjwa gani, au umemchoka tu? Nimemwona mshairi mzima, ndevu nyeupe, akitokwa jasho kushinda sufuria yangu. Mwandishi wa hadithi za watoto alitoka amenuna, akaapa kuwa urafiki umekwisha. Akarudi baadaye na mswada mpya, na keki. Kitabu kikishakaa sawa ndipo dada alipokisifu gazetini, na alikisifu kama mtu anayekuita dirishani uje uone kitu kabla hakijapita. Kuna fundi cherehani wa mtaa wa nyuma aliyekuwa akiandika hadithi kwenye karatasi za kukatia nguo. Leo anasomwa na watu asiowajua, na ni kwa sababu ya benchi lile.

Sasa kinachonichoma. Mwaka jana dada naye alitoa kitabu. Riwaya yake mwenyewe, aliyoiandika alfajiri kabla ya kuja kazini. Kwenye ukurasa wake hakuweka hata mstari mmoja. Alisema kujisifu hawezi, marafiki ndio watakaokisemea. Na marafiki wanazo nafasi: wapo wenye safu kwenye magazeti mengine, wapo wenye vipindi redioni. Kimya, kama msibani.

Niliwakamata mmoja mmoja walipopita kunywa chai. Mshairi akasema, "Bibi, tukimsifu watu watasema tunalipana fadhila." Wa hadithi za watoto alidhani mshairi ameshaandika. Fundi cherehani akaniuliza yeye ni nani hata amsifu mwalimu wake. Wakati huohuo maboksi ya kitabu yaliyoletwa hapa kuuzwa yamejaa koridoni, mfagiaji anayazunguka na ufagio, na mchapishaji ameshatuma neno: yasipopungua mwezi ujao, yanapelekwa kusagwa.

Jamani, aibu gani hiyo? Yeye amesemwa miaka yote kwa ajili yenu na hakuwaacha. Nyinyi mmeogopa kusemwa wiki moja.

Basi naanza mimi. Karani amenisomea kitabu chote nikiosha vyombo. Makosa kwanza, kama desturi yetu ilivyo. Dada, yule wakili anaongea mno. Ningekuwa mkewe ningehama. Na safari ya treni ni ndefu, nilisinzia. Lakini ile sura ya mjane anayepiga pasi mashati ya marehemu, kwa sababu ni Jumamosi na Jumamosi ndiyo siku yake ya pasi, hapo nilimwambia karani anyamaze kidogo. Maziwa yalifurika yakazima moto, na sikwenda kuyaepua. Nami nimezika mume. Jambo lile nilikuwa nalo miaka yote, sikujua kama linasemeka.

Marafiki zake, mmeketi safu ya mbele, nawaona. Chai iko tayari, ila leo haitolewi ukumbini. Inatolewa jikoni, na dada atakuwa ndani. Mtaingia mmoja mmoja. Makosa mtamwambia yeye usoni, kisha mimi mtaniambia kitabu mtakisifu wapi, na lini. Ambaye hajakisoma asijikune kichwa. Maboksi yako koridoni, anunue, aketi, aanze. Chai nitaipasha moto.

Dada, ofisi inakushukuru kwa kazi. Mimi nakushukuru kwa kutupa kitu cha kuulizana zaidi ya habari za nyumbani. Utanikasirikia kwa haya, najua, na hasira zako nimezizoea. Nenda salama, mwanangu. Tunakuombea afya, usingizi wa asubuhi, na marafiki wenye midomo.