Pole Kwanza Aweka Sindano Chini

Tarehe 30 Juni muuguzi wetu wa chumba cha chanjo anastaafu, baada ya kuitumikia zahanati hii kwa miaka thelathini na mmoja. Wazee wanamjua kwa jina la Pole Kwanza, kwa kuwa yeye husema pole kabla ya kuchoma. Mzee akianza kushangaa pole ni ya nini, sindano imekwisha toka.

Alianzia wodi ya wazazi, akahamishiwa chanjo kwa wiki mbili tu. Wiki hizo hazijaisha mpaka leo. Yeye ndiye aliyeanzisha siku ya wazee: kila mwaka, kabla msimu wa homa ya mafua haujaingia, waliotimiza miaka sitini na mitano huchanjwa, kisha huketi kwenye benchi dakika kumi na tano ili tuone kama wako salama. Benchi likageuka baraza. Bibi mmoja alinogewa na soga hata akarudi wiki iliyofuata, akakunja mkono wa gauni achanjwe tena. Pole Kwanza alitazama kadi yake, akacheka, akamruhusu akae tu, bila sindano.

Hakuchoka kutueleza kwamba mafua yanayomsumbua kijana siku mbili yanaweza kumlaza mzee hospitali, na kwamba chanjo ya mwaka jana haitoshi, maana virusi hubadilika.

Mtu mmoja tu alimshinda: kaka yake mkubwa, fundi cherehani mwenye pumu. Mwaka juzi homa ya mafua ilimlaza siku tisa, na dada mtu akawa anakuja kazini macho mekundu. Hata hivyo fundi aligoma. Sisi tulidhani anaogopa sindano, yeye anayeshika sindano kutwa! Wifi mtu ndiye aliyetoboa siri: mzee hakuwa tayari kufunua bega achomwe na mtoto ambaye yeye mwenyewe alimbeba mgongoni.

Basi msimu huu Pole Kwanza alimkabidhi mwenzake sindano, akatoka, akasimama kwenye korido akitazama ukuta. Kaka akaingia, akachanjwa, akamaliza dakika zake kwenye benchi. Miezi miwili baadaye mafua yalipita mtaani kwake nyumba kwa nyumba. Yeye alikohoa siku tatu, ya nne akarudi kwenye cherehani. Asubuhi hiyo Pole Kwanza alikuja kwenye ofisi yangu ya kadi, akashusha pumzi, akalia kidogo, kisha akaomba chai. Na mimi moyo wangu ulitulia.

Asante sana, dada yetu. Nenda ukalale mpaka usingizi wenyewe uchoke, na afya njema ikae nawe nyumbani. Habari za fundi zisikunyime raha: juzi alikuja dirishani kwangu peke yake, bila kuitwa na mtu, akauliza chanjo ijayo ni lini.